Mgeni na Wenyeji katika Darasa la Watu Wazima: Mfano wa Mambrui

Mambrui ni mji mkongwe wa Waswahili ulio kaskazini mwa Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Darasa la kisomo cha watu wazima katika mazingira kama hayo haliwezi kuanza na kumalizika kwa pamoja. Masika huwaita wakulima mashambani. Upepo wa kusi ukichafua bahari, wavuvi hupata wasaa. Kwa hiyo wapya huingia wakati wenyeji wamekwisha kuzoeana, kila mmoja na mahali pake pa kuketi.

Kikwazo cha kwanza ni jina. Darasa hili, hasa tangu kampeni ya kisomo ya mwaka 1979, Wakenya huliita ngumbaru, na neno hilo halikosi dhihaka. Anayebisha hodi amekwisha kulisikia njiani. Akiamrishwa siku hiyohiyo asome ubaoni, yamkini hatarudi. Mwalimu naye mara nyingi ni kijana. Inampasa amwamkie mgeni kwa shikamoo, na amwite bibi au mjomba, si kwa jina tupu.

Tena si haki kumhesabu kila mgeni kuwa hajui kusoma. Bibi aliyepitia chuoni husoma Kurani, na pengine huandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Ugeni wake ni wa hati tu: mkono uliozoea kuanzia kulia sasa waanzia kushoto. Heri aombwe kuandika jina lake kwa hati aijuayo, kisha mwanafunzi wa zamani aliandike chini yake kwa hati za Kirumi. Hapo wote wawili ni walimu. Atakapotatizika ni kwenye irabu, kwani Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, hali Kiswahili kina irabu tano. Kwa dhamma, "choma" na "chuma" huandikwa sawa, na msomaji hutegemea muktadha kuzitenga.

Mgiriama ana lake. Akisema "madzi" badala ya "maji", kumkosoa mbele ya watu ni kumfukuza, na isitoshe ni kosa la kiisimu: Kigiriama na Kiswahili ni lugha ndugu, na maneno hayo mawili yana asili moja. Mwalimu aandike yote mawili ubaoni, awaulize wenyeji ni maneno gani mengine yanayofuata mkondo huo.