Kabla ya Shindano la Kwanza la Sataranji

Je, mwanao huwashinda wajomba zake wote katika sataranji pale sebuleni? Basi jiandae, karibu ataomba nauli ya kwenda kushindana mjini. Mpe, lakini kwanza mfunze adabu ya mkono.

Mchezo huu ulitokana na chaturanga ya India, iliyoiga vikosi vinne vya jeshi: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Nyumbani askari hurudishwa nyuma kwa kicheko. Mashindanoni, hasha! Sheria za FIDE, shirikisho la kimataifa lililoundwa Paris mwaka 1924, zasema kete uliyoigusa kwa makusudi sharti uicheze, na ya mpinzani uile, ikiwezekana. Ukitaka kuiweka sawa tu, tamka kwanza. Saa nayo hubonyezwa kwa mkono uleule uliosogeza kete. Fanyeni mazoezi hivyo kwa wiki mbili, naye aandike kila hatua karatasini.

Wanaotoka Kangemi au Westlands waondoke mapema. Waiyaki Way haina huruma, na mchelewaji aweza kupoteza mchezo kabla ya kuketi. Simu izimwe kabisa.

Tena, wazazi, katika mtindo wa Uswisi, unaotumika sana, anayeshindwa haondolewi. Raundi ifuatayo hupangiwa mwenye pointi sawa naye au karibu. Kwa hiyo asivutwe nyumbani akilia baada ya mchezo mmoja! Mnunulieni chai, apunge hewa nje, kisha mwende mkatazame amepangiwa meza gani.