Watoto wa Simbilisi na Namna ya Kuwahifadhi

Katika nyumba nyingi za Njombe na Iringa, mtu aingiapo jikoni jioni husikia sauti nyembamba kama za vifaranga, nao ni simbilisi wakidai majani yao. Asili ya wanyama hawa ni milima ya Amerika ya Kusini, nchi ya Peru na jirani zake, ambako watu wamewafuga kwa ajili ya nyama tangu maelfu ya miaka. Huku wamekuwa akiba ya mtu asiye na ng'ombe wala mbuzi: kitoweo mgeni afikapo, na fedha kidogo ya chumvi na madaftari ya watoto. Kwa hiyo uzao mmoja ukipotea, nyumba huona upungufu wake.

Wengi hudhani ya kwamba simbilisi azaapo hahitaji uangalizi, na sababu twaifahamu. Mtoto wa sungura huzaliwa uchi na macho yamefumba. Bali mtoto wa simbilisi hutoka tumboni ana manyoya, macho wazi na meno, na baada ya siku moja au mbili huonekana akitafuna majani. Uzito wake aghalabu hupata gramu 70 hadi 100. Mtu akimwona hivi husema, "Huyu amekwisha kukua," akamwacha. Walakini ukubwa huo wenyewe una hatari, kwanza kwa mama.

Mimba huchukua siku 59 hadi 72, muda mrefu kwa mnyama mdogo, na mara nyingi watoto huwa 2 hadi 4. Watoto wakubwa namna hii hawawezi kupita isipokuwa mifupa ya nyonga imeachana. Jike akipandwa mara ya kwanza kabla ya kutimiza miezi 6, kiungo hicho hulegea vema; akikawizwa kupita miezi 7 au 8, huweza kukaza, na uzazi wake huwa mgumu, hata wa kufisha.

Nasi tulijifunza kwa hasara. Tulikuwa na jike mweupe ambaye watoto wa nyumbani walimpenda mno. Tukamtenga na dume, tukamlisha hata akanenepa, tukidhani twamhurumia. Alipokaribia mwaka tukampa dume. Siku ya kuzaa alisukuma tangu alfajiri hata saa nne, nasi tumekaa tukimtazama, tukisema atazaa tu. Akafa, na watoto watatu tumboni mwake. Bwana mifugo alipofika alituuliza neno moja tu: umri wake. Sasa twajua ya kuwa jike akisukuma nusu saa pasipo mtoto kutoka, yapasa mtu atumwe upesi, asingoje.

Siku chache kabla ya kuzaa, mtu akipapasa polepole chini ya tumbo aweza kuona nafasi ya upana wa kidole kati ya mifupa ya nyonga. Asimwinue kwa kumshika tumbo. Wakati huo dume awe amekwisha kuondolewa, kwani jike huwa tayari kupandwa tena saa chache tu baada ya kuzaa. Dume akiwapo atamfukuza huku na huku, awakanyage wachanga, na mama ashike mimba mpya kabla hajapata nguvu.

Joto la jikoni ni jema kwa wachanga, ila jikoni pana mafiga, na miguu ya watu, na paka, na panya, na usiku siafu huweza kuingia. Twashauri banda dogo la mbao lililoinuliwa, miguu yake imesimama katika makopo ya maji. Sakafu iwe ya mbao na nyasi kavu, si ya waya, maana miguu ya mtoto hupenya katika matundu ikavunjika. Chombo cha maji kisiwe na kina.

Mama ana chuchu mbili tu. Wakizaliwa watano, walio wadogo husukumwa nyuma. Basi wenye nguvu watengwe kitambo ili dhaifu wapate kunyonya. Mama akifa, apelekewe watoto wake jike mwingine anyonyeshaye, kwa kuwa simbilisi hunyonyesheana bila ugomvi.

Kuhusu chakula, pumba na makombo ya ugali peke yake hayafai. Simbilisi, kama sisi wanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Akiikosa huvimba viungo na kudhoofika, na mwenye mimba huihitaji zaidi. Apewe majani mabichi kila siku. Matembele ni mazuri. Lakini ninyi mlio Njombe, jihadharini sana, maana mazao yenu mawili makubwa ni sumu kwake: majani ya viazi mviringo, na parachichi, majani yake na tunda lake.

Watimizapo wiki tatu, watoto madume watengwe na mama yao na dada zao. Mtu huona ni mapema mno, kumbe mtoto jike aweza kushika mimba akiwa na wiki 4 hadi 6 tu, angali hajakomaa. Dume mmoja atosha majike watano. Naye abadilishwe na dume wa jirani akaaye mbali, asije akapanda binti zake mwenyewe.