Filamu Ipi kwa Nchi ya Jua?

Msafiri aondokaye London mwezi wa Desemba huacha nyuma yake mawingu mazito na mchana mfupi. Siku ya pili yuko Unguja, ambako jua la adhuhuri huwa juu sana, mchanga wa pwani ni mweupe, na vichochoro vya Mji Mkongwe vimejaa kivuli. Ingawa siku hizi picha nyingi hupigwa kwa simu, wako bado wanaopenda kamera ya filamu. Mtu wa namna hiyo huwa ameshafanya uamuzi mkubwa kuhusu picha zake tangu dukani. Filamu ikishapachikwa, hali yake ni ile ile mpaka picha 36 zimalizike, na makosa hayaonekani mpaka isafishwe. Wakati huo mwenyewe amekwisha rudi kwao, na watu aliowapiga picha hayuko nao tena.

Kasi ya filamu

Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini yenye fuwele ndogo sana za chumvi ya fedha. Mwanga ukiigusa fuwele huiachia alama isiyoonekana kwa macho, nayo dawa ya kusafishia huigeuza alama hiyo kuwa picha. Fuwele kubwa hunasa mwanga kwa urahisi zaidi, na filamu yenye fuwele hizo huitwa filamu ya kasi. Lakini hasara yake ni kwamba picha ikikuzwa huonyesha punjepunje. Kasi huandikwa kwa kipimo cha ISO, ambacho zamani kiliandikwa ASA. Filamu ya ISO 400 huhitaji robo tu ya mwanga unaohitajiwa na ile ya ISO 100.

Kwa hiyo, katika giza la kipupwe cha London, ISO 400 ni chaguo la busara. Je, Unguja? Wapiga picha wana kanuni rahisi: penye jua kali, tundu la lenzi liwekwe f/16, na muda wa kufunguka uwe sekunde moja kugawanywa kwa ISO. Kwa ISO 100 muda huo ni kama 1/125 ya sekunde. Kwa ISO 400 ni kama 1/500. Kamera nyingi za zamani zina upeo wa 1/500 au 1/1000. Mpiga picha akitaka kupanua tundu hadi f/8, ISO 400 itamdai 1/2000, muda ambao kamera yake haina; ISO 100 itamdai 1/500 tu. Hivyo basi, kwenye jua kali filamu ya ISO 100 au 200 humpa nafasi zaidi, na punje zake ni ndogo.

Jua na kivuli

Hata hivyo, kasi peke yake haitoshi. Kanuni ile ile husema kwamba kwenye kivuli kinachotazama anga wazi, tundu liwe f/4. Kipenyo cha f/4 ni mara 4 ya kile cha f/16, na kwa kuwa eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo, mwanga unaopita ni mara 16. Maana yake, mtu aliye barazani kivulini hupata takriban sehemu moja ya 16 ya mwanga ulioko barabarani. Aidha, kanzu nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, ilhali uso mweusi hurudisha sehemu ndogo.

Hapa ndipo aina ya filamu inapokuwa na uzito. Filamu ya slaidi, kama vile Fujichrome Velvia 50 iliyotolewa mwaka 1990, huleta rangi za kuvutia za bahari na anga, lakini haivumilii tofauti kubwa za mwanga: kanzu ikitoka vizuri, uso huzama gizani. Filamu ya negativu, kama Kodak Gold 200 au Portra 160, huvumilia zaidi. Ikizidishiwa mwanga mara mbili au hata mara nne, bado hutoa picha njema. Ikipunjwa, kisichonaswa hakirudishwi na dawa yoyote.

Tatizo la nyuso lina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Miongoni mwa waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitoki sawasawa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Filamu zikaboreshwa, na katika miaka ya 1990 zikatokea kadi zenye watu wa rangi mbalimbali.

Lakini filamu bora haiondoi wajibu wa mpiga picha. Kipimamwanga hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye mchanga mweupe, huamuru mwanga upunguzwe, na mtu aliyesimama hapo hutoka kama kivuli. Dawa yake ni kumkaribia mtu, kupima mwanga usoni pake, kisha kurudi nyuma na kupiga.

Kuitunza

Joto huharibu rangi. Filamu isiachwe ndani ya gari juani, na isafishwe mapema baada ya kupigwa. Ikitolewa kwenye jokofu, ikae kwanza ndani ya kopo lake mpaka ipate joto la chumba, isije ikashika unyevu. Uwanjani mwa ndege isitiwe katika mizigo ya kupelekwa chini, kwani eksirei za huko ni kali. Hata mashine mpya za CT za kukagulia mizigo ya mkononi zaweza kuiharibu kwa mara moja tu. Msafiri aombe ikaguliwe kwa mkono.

Kwa safari kama hii, basi, negativu ya ISO 100 au 200 ndiyo ya kuaminika. Bahari na anga vitakuwapo mwakani. Uso wa mwenyeji aliyekubali kupigwa picha unastahili kupimiwa mwanga wake.