Siku tatu kwa dakika moja: hesabu ya muda katika michezo ya mezani

Kutoka Masasi hadi Newala ni karibu kilomita 70. Kwa miguu, ukitembea kilomita 30 kwa siku, ni siku tatu, maana mwishoni unapanda uwanda wa Makonde. Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, msimamizi huimaliza safari hiyo kwa dakika moja: "Jioni ya siku ya tatu mmefika Newala." Dakika moja imemeza dakika 4,320.

Sasa wahusika hao wavamiwe wakiwa chini ya mteremko. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, raundi ya mapigano siku hizi ni sekunde 6. Raundi 5 ni nusu dakika ya hadithi. Lakini kila mchezaji anapima, anauliza, anarusha dadu, na saa nzima inakwisha: mara 120 ya muda wa pambano lenyewe.

Mchezo wa redio hauna nafasi hiyo ya kurefusha au kufupisha muda kadiri ya wanaocheza. Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania Julai 1993, ulirushwa mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, yaani saa 52 kwa mwaka. Maisha ya Mkwaju, mhusika wake aliyekuwa dereva wa lori, yaliporomoka huku miezi ya msikilizaji ikisonga. Aliyekosa kipindi alisimuliwa; hadithi haikumsubiri.

Mezani, mchezaji akikosekana, uamuzi wake nao haupo. Watu 5 wakicheza saa 4 kila wiki, kwa wiki 50, wametumia jumla ya saa 1,000. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko dadu na vitabu. Saa hizo zitumike penye uamuzi. Njia tupu irukwe.

Hata hivyo, muda uliorukwa lazima uandikwe. Gary Gygax, mmoja wa waliobuni Dungeons & Dragons, alilisisitiza hilo mwaka 1979. Wachezaji wa Newala wana kalenda tayari: mikorosho hupuliziwa salfa katikati ya mwaka, na kuanzia Oktoba ni mavuno na minada. Mhusika aliyekopa Juni kwa ahadi ya kulipa baada ya mnada, msimamizi akiruka miezi minne kwa sentensi moja, aulizwe: nani alipulizia mikorosho yako, na deni umelilipa? Asipoulizwa, miezi hiyo haikupita, imefutwa tu.