Fangasi wanaorudi: je, kuacha sukari kunatosha?

Kina mama wengi hutuuliza swali hili: "Sista, nimeambiwa nikiacha vitu vitamu fangasi wataisha. Ni kweli?" Jibu ni kwamba kwa wengine sukari ndiyo kiini cha tatizo, na kwa wengine haihusiki. Huwezi kujua uko upande gani mpaka upimwe.

Fangasi tunaowazungumzia huitwa kandida. Wanaishi mdomoni, tumboni na ukeni bila kutudhuru, kwa sababu kuna vijidudu vyema vinavyowazuia wasizidi. Wakizidi, mama huwashwa, huhisi moto akikojoa, na hutokwa na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. (Uchafu wenye harufu ya samaki au rangi ya kijani ni ugonjwa mwingine, na una dawa yake.) Wanawake 3 kati ya 4 hupatwa na fangasi hawa angalau mara moja maishani. Huchochewa na ujauzito, na pia dawa za antibiotiki, hasa zile za kununua dukani na kumeza ovyo, maana huua vijidudu vyema. Ugonjwa huu hauhesabiwi kuwa wa zinaa. Akina baba, tafadhalini someni sentensi hiyo mara mbili kabla ya kumtuhumu mkeo.

Habari ya kuacha sukari ilienea sana kutoka Marekani, baada ya daktari William Crook kutoa kitabu mwaka 1983 akidai kuwa fangasi ndio chanzo cha uchovu, maumivu ya kichwa na mambo mengine mengi. Mwaka 1990 madaktari wa hukohuko walichapisha matokeo ya kuwapa kina mama dawa ya nistatini na kuilinganisha na dawa bandia. Nistatini ilipunguza muwasho ukeni, lakini kwa uchovu na dalili nyingine za mwilini haikuishinda dawa bandia. Mtu ambaye damu yake ina sukari ya kawaida hatapona fangasi kwa kuacha ndizi. Mkate nao hauna kosa: hamira ni jamii nyingine kabisa.

Kwa mwenye kisukari mambo ni tofauti. Sukari katika damu ikipita milimoli 10 kwa lita hivi, figo hushindwa kuizuia, nayo hutoka na mkojo. Ngozi ya sehemu za siri hulowa sukari, na kinga ya mwili nayo huwa imedhoofika. Hapo fangasi wamepata shamba na mbolea. Wanaume nao hupata vidonda na muwasho chini ya govi.

Tulimpokea mama mmoja kutoka Mikese, aliyekwisha kutumia vidonge vya kuweka ukeni mara 4 ndani ya mwaka mmoja. Alikuwa ameacha sukari, maembe, viazi na mwisho hata ugali. Alikonda, majirani wakasema dawa ya kufunga imefanya kazi. Tulipompima kabla hajala, sukari yake ilikuwa milimoli 14. Ikifika 7, hicho tayari ni kisukari. Kukonda kule kulikuwa ugonjwa, tena alikuwa akiamka mara kadhaa usiku kukojoa na hakuona kuwa ni jambo la kumwambia mganga. Tulimpa dawa za kisukari pamoja na za fangasi, na tukamrudishia ugali wake.

Zamani kisukari kilikuwa kigeni vijijini. Profesa McLarty na wenzake wa Muhimbili walipopima watu wazima wa vijiji vya Tanzania, ripoti yao ya mwaka 1989 ilionyesha wasiofika hata 1 kati ya 100. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta 9 kati ya 100. Mkoa wetu una viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, na vikombe vyetu vya chai vinajua hivyo!

Mwenye kisukari aanzie kwenye vinywaji. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina sukari vijiko vya chai 9 hivi. Juisi ya muwa, togwa tamu na chai ya vijiko vinne ziko katika kundi hilo, na asali pia ni sukari. Ugali wa dona uwe kiasi cha ngumi yako, nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kisamvu, kisha maharage au dagaa. Nanasi la Uluguru halikatazwi: kipande kimoja, si zima. Lakini anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari asiruke mlo hata siku moja, maana sukari inaweza kushuka ghafla akazimia.

Usiweke kitunguu saumu, ndimu wala sabuni ukeni, vinachubua. Mjamzito asimeze flukonazo bila kuandikiwa; atumie dawa ya kuweka ukeni.

Fangasi wakirudi mara 3 kwa mwaka, nenda kituo cha afya upimwe sukari na virusi vya UKIMWI. Fika asubuhi kabla ya chai. Maji matupu unaruhusiwa kunywa.