Daktari Aliyeandika Makosa Yake

Mgonjwa akiisha kutoka hospitali, ni nani aulizaye baada ya mwaka kama amepona kweli? Zamani ilikuwa shida kumpata mtu wa kuuliza. Aliyepona alishukuru, aliyekufa alizikwa, na kosa, kama lilikuwapo, lilizikwa pamoja naye.

Katika mji wa Boston, Marekani, alikuwako daktari mpasuaji, jina lake Ernest Amory Codman. Yeye alimwandikia kila mgonjwa kadi: ugonjwa wake, matibabu aliyopewa, na hali yake alipotoka. Baada ya mwaka alimtafuta tena. Akiona hakupona, alijiuliza: Kwa nini?

Majibu aliyagawa mafungu. Kukosa maarifa au ufundi. Kukosa busara ya kuamua. Kukosa uangalifu au vyombo. Kukosa kuutambua ugonjwa. Mbali aliweka ugonjwa usioshindika, na mgonjwa mwenyewe kukataa matibabu. Faida ya kugawa ni nini? Asiye na ufundi afundishwe. Palipokosekana vyombo, viletwe. Lakini ukisema tu "bahati mbaya", hutengenezi neno lolote.

Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo. Hadi mwaka 1916 walitoka wagonjwa 337, naye akaandika makosa 123, yake mwenyewe yakiwamo, akayachapisha watu wasome. Wenzake hawakupendezwa. Mwaka 1915 aliwaonyesha mkutanoni picha ya mbuni aliyeficha kichwa mchangani asione ukweli, huku akitaga mayai ya dhahabu. Wakakasirika, naye akalazimika kuacha uenyekiti wa chama chao. Alikufa mwaka 1940, na kaburi lake likakaa bila jiwe mpaka mwaka 2014.

Hata hivyo kazi yake haikupotea. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walikadiria kwamba watu 44,000 hadi 98,000 walikufa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kwa makosa ya matibabu. Kisha, mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa kupasua: huyu ni nani, apasuliwe wapi, vyombo vimehesabiwa? Hospitali 8 zilijaribu, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, hapa Tanzania. Zikijumlishwa pamoja, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa, waliokufa walipungua kutoka 15 hadi 8.

Sisi Wakatoliki hatushangai. Katika kitubio hatusemi tu "nimekosa"; twataja kosa lenyewe, ili tulirekebishe.

Basi, ndugu, itunze kadi yako ya hospitali. Mwambie mganga dawa zote ulizokunywa, hata za miti shamba. Na usipoona nafuu, rudi ukaseme, usinyamaze kwa haya. Kosa lisilosemwa humngoja mgonjwa wa pili.