Kikao cha taka mtaani kinamhusu hata anayeuza kwa simu

Ukisikia gari la matangazo linapita mtaani likisema kuna mkutano wa wananchi, ajenda usafi wa mazingira na mpango wa kupunguza taka, wewe unayeuza nguo, vipodozi au vyombo kwa simu unafanya nini? Wengi tunaendelea kufunga mizigo. Tunasema hayo ni mambo ya wenye nyumba, wenye magenge na mama lishe. Sisi hatuna fremu wala meza barabarani, na taka zetu ni kiboksi kimoja na selotepu.

Hapo ndipo tunapopigwa bao kila mara. Mipango ya taka inayoandaliwa na halmashauri siku hizi haiishii kwenye kufagia na kubeba. Inagusa aina ya mfuko unaomtumia mteja, ada unayolipa kila mwezi, siku ya kuzoa, na hata nani anaruhusiwa kuchukua maboksi yako ya zamani. Ukikosa kikao, utakutana na maamuzi yake kwenye karatasi ya faini.

Tukumbushane ya mifuko ya plastiki. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu alitangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ile ni tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Hesabu mwenyewe, ni siku 53. Waliokuwa na stoo iliyojaa walihangaika kuimaliza, na waliokuwa tayari na mifuko mbadala waliuza kwa bei waliyotaka. Kanuni zilipotoka, hata mtu anayebeba tu mfuko wa plastiki aliwekewa faini ya kuanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Ile ilikuwa ya taifa zima na ilitoka juu. Lakini mambo mengi ya taka yanaamuliwa chini kabisa, kwenye halmashauri yako, na huko una nafasi ya kusema kabla wino haujakauka.

Njia yenyewe inakwenda hivi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, pamoja na kuhakikisha taka zinapungua kule zinakozalishwa. Halmashauri ikitaka kuweka ada au masharti, inaandika rasimu ya sheria ndogo. Rasimu inatakiwa itangazwe ili wananchi watoe maoni au mapingamizi, halafu inakwenda kwenye baraza la madiwani, kisha kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, mwisho inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Ikishapata namba ya tangazo la serikali, kulalamika kwenye status hakusaidii kitu. Kwa walioko vijijini, sheria ndogo za kijiji zinapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji wenyewe, kwa hiyo nguvu yenu ni kubwa zaidi kuliko ya watu wa mjini. Na kama unadhani unaomba hisani kusema, fungua Katiba ibara ya 146: kusudi la kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Sasa tuje kwenye penye hela, yaani jedwali la ada.

Sheria ndogo za taka huwa na jedwali nyuma. Humo kuna nyumba ya kuishi, duka la rejareja, saluni, mgahawa, baa, gesti, gereji na kadhalika, kila mmoja na kiasi chake. Tafuta mstari wa mtu anayeuza kwa WhatsApp au Instagram akiwa chumbani kwake. Mara nyingi haupo. Usipokuwepo, anayekusanya ada ndiye anayeamua wewe ni nani. Siku akikuta maboksi kumi na mbili mlangoni na bodaboda wawili wanasubiri, anakuandika biashara. Mwenye nyumba wako tayari analipa ya nyumba, na wewe unalipa ya duka, kwa mlango huohuo mmoja na ndoo ileile ya taka.

Tuseme ada ya nyumba ni 3,000 kwa mwezi na ya duka ni 10,000. Ukilipishwa zote mbili umetoa 13,000, ambayo kwa mwaka ni 156,000. Kwa muuzaji wa mtaji wa laki tano hiyo siyo mchezo. Na wewe ukiulizwa kwa mwezi unatoa taka kiasi gani, huna jibu, kwa hiyo huna pa kusimamia.

Ndiyo maana kazi ya kwanza inaanza kabla ya kikao: pima taka zako. Tenga kona, weka viroba viwili. Kimoja kiwe cha maboksi na karatasi, kingine cha nailoni, selotepu na mabaki mengine. Fanya wiki mbili tu. Mwisho pima kwa mzani wa muuza mchele jirani. Wauzaji wengi wa bidhaa kavu watagundua kwamba taka yao kubwa ni boksi, na boksi lina wateja, kuna watu wanapita na guta wanalinunua kwa kilo. Kinachobaki cha kwenda dampo ni kidogo kuliko cha jiko la familia. Kwenye miji yetu zaidi ya nusu ya taka ni za kuoza, maganda na mabaki ya chakula. Muuza viatu hazalishi maganda. Hiyo ndiyo hoja yako, na ukiwa na daftari mkononi inasikika tofauti kabisa na kelele za "mnatuonea".

Anayeuza keki, juisi au vyakula vya kupeleka majumbani hesabu yake ni nyingine. Wewe una maganda, una vifungashio vya chakula, una vikombe. Usijifiche nyuma ya muuza viatu. Kwako hoja yenye faida ni kutenganisha. Dar es Salaam kuna mfano wa kata ya Bonyokwa, ambako shirika la Nipe Fagio limeshirikiana na wakazi na wazoaji taka waliounda ushirika wao. Taka zinatenganishwa nyumbani, zinachukuliwa nyumba kwa nyumba, za kuoza zinageuzwa mboji, na zinazouzika zinauzwa. Kinondoni nao walijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Kwa hiyo ukisimama mkutanoni ukaomba kwamba anayetenganisha taka za kuoza alipe ada pungufu, huongei ndoto. Unaomba kitu ambacho kinaipunguzia halmashauri safari za lori kwenda dampo, na lori linakula dizeli.

Mfuko wa kutumia mzigo

Hili nalo tulisemee, maana linatugusa sisi kuliko hata mwenye duka. Ile mifuko ya plastiki yenye gundi mdomoni, mizito, ya kijivu au ya rangi, tunayofungia nguo za mteja wa mkoani: ni mfuko wa kubebea au ni kifungashio? Kanuni za 2019 zilipiga marufuku mifuko ya kubebea bidhaa, zikaacha vifungashio vya matumizi fulani kama dawa, bidhaa za viwandani, ujenzi, kilimo, usindikaji wa chakula na usafi. Gauni la mtumba liko wapi hapo? Unaweza kubishana upande huu, na afisa akabishana upande ule, na wote mkawa na cha kusema. Mwenye kitabu cha faini ndiye atakayeshinda siku hiyo.

Tusisahau kilichotokea kwa vile vimifuko laini vya kuangaza vilivyoanza kutumika kubebea baada ya katazo. Watu waliona wamepata upenyo. Serikali ikaweka mwisho wa vifungashio visivyokidhi viwango kuwa tarehe 8 Aprili 2021, na mchezo ukaisha. Upenyo wa plastiki huwa haudumu, na mimi nisingejaza stoo kwa kutegemea upenyo.

Kwa hiyo kikao kikija, hilo ni swali la kuuliza kwa sauti na kuomba lijibiwe kwenye muhtasari: mfuko wa kutumia mzigo kwa njia ya usafiri, wenye gundi, unaruhusiwa kwenye halmashauri hii au hauruhusiwi? Kama mtendaji hajui, aandike kwamba atauliza kwa afisa mazingira. Jibu lolote lina faida. Likija "hapana", unajua usinunue katoni tano za mifuko hiyo mwezi ujao.

Ukiulizia mbadala, fanya hesabu kabla ya kuunga mkono au kupinga. Tuseme mfuko wa plastiki unakugharimu 300, na bahasha nzito ya kaki au mfuko wa kitambaa 700. Tofauti ni 400. Kwa mizigo 60 kwa wiki ni 24,000, kwa wiki nne ni 96,000. Ukiipeleka namba hiyo kikaoni, unaweza kuomba kipindi cha mpito, miezi sita kwa mfano, ili mmalize mlichonacho na mnunue mbadala kwa jumla mkiwa kumi. Ukisema tu "ni ghali", utaambiwa mazingira ni ghali zaidi na utakaa chini. Na kwa mifuko ile ya kitambaa laini, ambayo haikufumwa, kumbuka kiwango ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba na alama ya TBS. Ukinunua myepesi kwa sababu ya bei, umenunua kesi.

Ukifika kikaoni

Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, awe mwenye nyumba au mpangaji. Usikubali kuambiwa mpangaji akae kimya. Ukweli ni kwamba viti vingi vinakaliwa na wazee na wenye nyumba kwa sababu wao ndio wanaokwenda. Vijana wanaouza mtandaoni wapo wengi mtaa mzima lakini mwenyekiti hawajui, hajawahi kuwaona pamoja. Tafutaneni. Sita au kumi mnatosha, mchagueni mmoja asiyekuwa na hasira za haraka ndiye aongee, wengine mkae karibu muonekane.

Ongea kama mtu wa mtaa. Salamu kwa wazee kwanza, shukuru mwenyekiti, sema unaishi nyumba ipi. Halafu mambo matatu basi: tunauza tukiwa nyumbani, taka zetu kwa mwezi ni kilo hizi, tunaomba tuwe na mstari wetu kwenye jedwali. Ukileta mambo kumi, litaandikwa moja, na huenda lisiwe lile ulilolitaka.

Kisha hakikisha limeandikwa. Maneno ya mkutanoni yanapeperuka. Kesho yake peleka barua fupi kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa diwani, nakala nyingine baki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Karatasi hiyo moja yenye muhuri ina uzito kuliko video ya dakika tatu ya malalamiko. Na rasimu ikitangazwa rasmi, maoni ya maandishi ndiyo yanayohesabika, kwa hiyo barua ileile unaiboresha na kuipeleka halmashauri kabla muda waliotoa haujaisha.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo watu husahau kuyaombea. La kwanza ni huduma yenyewe. Mitaa mingine ada inadaiwa kila mwezi lakini gari la taka linaonekana kama mgeni wa Ulaya. Ombeni iandikwe siku ya kuzoa, na nini kinatokea kwa ada ya mwezi ambao gari halikuja. Ombeni pia malipo yawe kwa namba ya malipo au risiti ya mashine, siyo kikaratasi cha kuandikwa kwa kalamu.

La pili ni maboksi. Baadhi ya mipango inampa mkandarasi haki ya taka zote za eneo, na neno "zote" linaweza kubeba hata boksi safi ambalo wewe ulitaka kulitumia tena au kumuuzia mtu wa guta. Ombeni iandikwe wazi kwamba kitu ambacho mwenyewe bado anakitumia, au amekiuza, hakijawa taka. Ni sentensi moja, lakini inalinda kipato cha waokotaji wa mtaa wenu pia, ambao kwa kawaida hawaalikwi hata kidogo. Mkimpitia mmoja wao mkaenda naye, atawaeleza madiwani bei ya kilo ya boksi na ya makopo vizuri kuliko afisa yeyote.

Kama hujui kikao chenu ni lini, usisubiri gari la matangazo. Pita ofisi ya serikali ya mtaa asubuhi kabla hujaanza kupeleka mizigo, uliza kama kuna rasimu ya sheria ndogo ya taka au mabadiliko ya ada mwaka huu wa fedha, na uombe kuliona jedwali linalotumika sasa. Lipige picha. Uliza pia namba ya kundi la WhatsApp la mtaa, kwa sababu mitaa mingi sasa matangazo yanaanzia huko, na wewe simu unayo mkononi kutwa nzima.